Tyubulesi ya Kiptanui

Ongeri alijua kwamba gurudumu lile halitadumu, na alijua hivyo siku ile ile alipolifunga, kabla halijagusa barabara. Huo ndio uliokuwa ubaya wa jambo lenyewe. Fundi akikosea bila kujua, watu humcheka kidogo, kazi inarudiwa, mambo yanakwisha. Anayejua akanyamaza ana lake la kujibu, na kwa wiki mbili nzima Ongeri alilala nalo kifuani bila kumwambia mtu, hata mkewe.

Kibanda chake cha kuziba pancha kilikuwa Kaptebes, kituo kidogo kwenye mwinuko wa juu ya Bomet, karibu na banda la kununulia majani chai. Alikuwa Mkisii aliyehamia pale miaka tisa nyuma, na Wakipsigis wa Kaptebes walikuwa wamemzoea kiasi cha kumtania Kiswahili chake, naye akawarudishia deni kwa kuwatania chao. Aliziba baiskeli, mikokoteni, na siku nyingine magurudumu ya lori la majani. Lakini mteja aliyempa jina alikuwa mmoja tu, Kiptanui, ambaye watu wote walimwita daktari kwa sababu ndiye aliyepandisha ng'ombe wao kwa mrija.

Ulikuwa mwaka wa tisini na sita. Gari la serikali lililokuwa likipita zamani kwa kazi hiyo lilikuwa limeacha kuonekana, na kazi ikabaki kwa watu wenye pikipiki zao wenyewe. Kiptanui alibeba mbegu za madume ndani ya mtungi mzito wa chuma ambao ukifunguliwa ulitoa moshi mweupe wa baridi, na watoto walikimbia mbio kuuangalia. Simu hazikuwapo. Mtu akiona ng'ombe wake ameingia joto, alikwenda kwenye banda la majani akachukua chaki, akaandika jina lake ubaoni, chini ya kilo za siku hiyo, na saa aliyoona dalili. Daktari alipita mchana, akasoma ubao, akaenda boma kwa boma. Ng'ombe aliyeonekana alfajiri alitakiwa apandishwe kabla ya giza kuingia. Ukimfikia kesho yake, umechelewa, na utangoja wiki tatu nyingine.

Sasa, adui wa Kiptanui alikuwa kayaba. Kule kila shamba limezungushiwa ua wa mti huo, wenye miiba mirefu kama kidole cha mtoto, na mvua ikinyesha barabara hugeuka uji. Na watu wa Kaptebes ni watu wema. Wakiona tope limezidi, wanapunguza ua wao na kutandaza matawi barabarani, ili lori la majani lipate kushika na daktari asiteleze. Wanafanya hivyo kwa moyo safi kabisa, huku wakisema ni kwa ajili ya daktari, kisha daktari anapita juu ya wema wao na tairi linatoboka mara tatu kwa siku. Kiptanui hakuwahi kuwaambia. Angewaambiaje watu waliolowa mvua kwa ajili yake?

Ndipo siku moja akarudi kutoka Kericho na tairi jipya begani na macho yanayong'aa. Alikuwa ameambiwa na dereva wa shamba moja kubwa la chai kwamba magari ya mabwana wakubwa hayana tyubu tena. Tairi tupu, hewa ndani, basi. Mwiba ukiingia, tairi linaubana, hewa haitoki, mtu anaendelea na safari zake.

"Hii inaitwa tyubulesi," alisema, akilitua mbele ya kibanda. "Unifungie hii, fundi. Tyubu sitaki kuona tena."

Ongeri aliligeuza tairi, akalipiga kofi, akalisifu. Kisha akainamia gurudumu la nyuma la pikipiki na kuzipapasa spoki zake moja baada ya nyingine.

"Daktari, gari iko na rimu ya kuziba, chuma moja," alisema. "Hii yako ni ya spoki. Angalia. Spoki thelathini na sita, kila moja imetoboa rimu ikaingia ndani. Hiyo ni mashimo thelathini na sita. Tyubu ndiyo inashika hewa, rimu inabeba tu. Ukitoa tyubu, hewa itatokea hapa kwa spoki."

"Si uzibe."

"Na hii rimu haina ule mkunjo wa kushika tairi. Hewa ikipungua tu, tairi inaachilia."

"Ongeri," Kiptanui alisema, na kumbuka alikuwa akisema mbele ya wachumaji kumi na zaidi waliokuwa wakingoja mizani, "mimi nimezunguka kutoka hapa mpaka Longisa, na kutoka hapa mpaka Kericho. Kama kuna fundi wa kuziba mashimo thelathini na sita, ni wewe. Kama wewe umeshindwa, sema umeshindwa, nirudishe tairi ya watu."

Hapo Ongeri alivishwa kilemba cha ukoka na akakivaa mwenyewe, akakinyoosha vizuri. Siku nzima alifanya kazi ile moja. Alisugua rimu kwa msasa, akaiosha kwa petroli, akapaka solusheni, gundi ya viraka, juu ya kila nati ya spoki, akangoja ikauke, akapaka tena. Alichukua tyubu kuukuu ya Kiptanui, iliyokuwa na viraka vingi kuliko mpira wenyewe, akaikata mkanda mrefu na kuuzungusha mara mbili ndani ya rimu. Valvu aliikata pamoja na kipande cha mpira wake akaikaza kwa nati. Alipojaza hewa na kulizamisha gurudumu ndani ya karai la maji, povu halikutoka hata moja. Watu walipiga makofi. Alisikia raha, na hakuna haja ya kuficha, ilikuwa raha kubwa.

Kisha wakalifunga gurudumu kwenye pikipiki, Kiptanui akalizungusha kwa mkono, na wote wakaona kwamba linayumba kidogo upande.

"Nyoosha tu hapo, halafu niende," alisema Kiptanui. "Mvua inakuja."

Kunyoosha gurudumu la spoki ni kukaza nati. Ongeri alikaza tatu. Kwa kila moja alisikia kwenye vidole kitu kidogo kikiachia ndani, gundi ikikatika juu ya nati inayozunguka. Alijua pale pale. Ilimpasa avue tairi, abandue mkanda, apake upya, angoje, na hiyo ni siku nyingine nzima. Aliangalia wingu. Aliangalia wale waliokuwa wamepiga makofi. Akafuta mikono kwenye ovaroli.

"Iko sawa, daktari," alisema. "Itashika."

Basi, kwa wiki mbili zilizofuata, watu wa Kaptebes walimwona Ongeri akiwa mkarimu kupita kiasi. Kila Kiptanui aliposimama kusoma ubao, fundi alitoka mbio na pampu mkononi, akidai anakagua valvu. Alipiga pampu ishirini, thelathini, huku akiuliza habari za nyumbani. Kiptanui alimsifu mpaka kwa chifu. Mwenyewe alikuwa ameacha pampu nyumbani siku ya kwanza tu, kwa kuwa sasa alikuwa mtu wa tyubulesi, na mtu wa tyubulesi habebi pampu.

Ijumaa moja alfajiri, Yunia, mke wa Ongeri, alirudi kutoka zizini na ndoo tupu.

"Tabitha amerudi," alisema.

Ongeri aliacha kunywa chai. Tabitha alikuwa ng'ombe wao wa pekee, mweusi mwenye mabaka meupe, aliyeletwa kutoka Kisii juu ya lori akiwa mtamba, zawadi ya mama yake Yunia kabla hajafa. Alikuwa amekwisha pandishwa mara mbili, na baada ya mara ya kwanza akarudi kwenye joto. Sasa alikuwa amerudi tena. Wiki tatu nyuma Nyabuto, mwenye bucha ya pale kituoni, alikuwa amekuja kumtazama, akamshika mgongo, akasema ng'ombe tasa hula majani bure. Yunia aliondoka pale bila kuaga. Lakini Ongeri alibaki, na wawili hao wakakubaliana kwamba akirudi tena, Nyabuto aje na kamba Jumapili itakayofuata. Jumamosi haikufaa, kwa kuwa wote wawili walikuwa watu wa Sabato, na tangu jua la Ijumaa linapozama hawauzi wala hawanunui.

"Tulisema akirudi," Ongeri alianza.

"Najua mlisema." Yunia aliweka ndoo chini. "Nipe leo tu. Daktari akifika leo na mapema, ampandishe, Nyabuto angoje tuone. Asipofika, sitasema kitu tena. Jumapili nitamfungua mimi mwenyewe."

Ongeri alikubali. Yunia alikwenda kwenye banda la majani jua likichomoza, akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: YUNIA ONGERI, SAA KUMI NA MBILI ASUBUHI. Ongeri alimwona akisimama akiyatazama maandishi yake, kisha akaongeza mstari chini yake kwa nguvu mpaka chaki ikakatika.

Ndipo Ongeri akakumbuka. Kiptanui hakuwa amepita Kaptebes tangu Jumatatu. Alikuwa amekwenda Kericho kujaza baridi ya mtungi, kisha akaahidi kumalizia upande wa Longisa na kurudi Ijumaa. Siku nne bila pampu. Ongeri alihesabu kwa vidole, akahesabu tena, na jibu likawa lile lile. Gurudumu alilolifunga yeye, lenye nati tatu alizozijua yeye peke yake, ndilo lililobeba maisha ya ng'ombe wa mke wake.

Saa saba ilifika. Saa nane. Wachumaji walianza kuja na vikapu. Ongeri aliziba baiskeli moja, akaiziba vibaya, akaiziba tena. Saa tisa, wakati ambao kwa kawaida pikipiki ilisikika ikipanda kutoka Bomet, barabara ilikuwa kimya. Yunia alikuja mara moja, akaangalia ubao, akaangalia barabara, akarudi nyumbani.

Bado angeweza kukaa. Hakuna aliyejua. Kiptanui angechelewa, watu wangelaumu mvua na kayaba, Nyabuto angekuja na kamba yake, na jina la fundi lingebaki safi mpaka Kericho. Ongeri aliliwaza hilo lote akiwa ameshika nyundo, na aliona haya kwamba amelimaliza kuliwaza. Akaitua nyundo. Kwenye msumari ukutani ilining'inia tyubu moja mpya ya saizi ya pikipiki. Aliichukua, akachukua pampu, bisibisi mbili za kuvulia tairi, spana, kisu na kikopo cha unga wa kupaka tyubu, akafunga kibanda na kupanda baiskeli.

Alimkuta mwendo wa nusu saa, katikati ya mlima, kati ya mashamba mawili ya chai. Kiptanui alikuwa akisukuma pikipiki huku amekumbatia mtungi kwa mkono mmoja. Upande mmoja wa mwili wake ulikuwa tope tupu na kulikuwa na majani ya chai kwenye kola yake. Tairi la nyuma lilikuwa limetoka kwenye rimu na kulala kando.

"Umeumia?" Ongeri aliuliza.

"Niliangukia majani chai. Ni kama kitanda." Kiptanui alimtazama, kisha akaitazama tyubu begani mwake. "Nani amekuambia niko hapa?"

Ongeri aliisimamisha pikipiki, akalegeza nati, akatoa gurudumu na kulilaza kwenye nyasi. Alivua tairi. Kisha akakata ule mkanda wa mpira na kuubandua wote, taratibu, mpaka rimu ikabaki wazi, akaligeuza gurudumu ili mwenzake aone.

"Angalia hizi," alisema, akiweka kidole. "Hii, na hii, na hii. Zingine ziko na gundi. Hizi tatu hazina. Ile siku uliniambia ninyooshe, nilikaza, gundi ikakatika. Nilisikia ikikatika. Nilikuambia iko sawa na nilijua haiko sawa. Hizi siku zote napiga pampu, nilikuwa naficha."

Wanawake wawili walipita na vikapu vya majani mgongoni, wakawasalimu, nao wakaitikia. Kiptanui alichuchumaa kando ya gurudumu. Alipitisha kidole juu ya nati moja ya zile tatu, akairudisha tena.

"Mbona umekuja kusema leo?"

"Tabitha amerudi hiti leo asubuhi. Usipofika, Jumapili anachinjwa. Yunia anangoja kwa boma." Ongeri aliivuta tyubu karibu. "Nilitaka uanguke ukiwa unajua ni mimi. Hapana. Nilitaka usianguke. Sijui nilitaka nini, daktari. Nisamehe."

Alianza kuingiza tyubu, kwa kuwa mikono ilihitaji kazi. Aliipiga pumzi kidogo ishike umbo, akaipaka vumbi la unga aliloliweka kwenye kikopo, akaipitisha valvu kwenye tundu lake. Tairi la tyubulesi halikatai tyubu. Linaimeza vizuri tu, na huo ulikuwa ukweli ambao angeweza kumwambia Kiptanui siku ya kwanza, wakaenda wote nyumbani mapema. Alibana ukingo wa tairi kwa bisibisi, akausukuma kwa goti. Kiptanui bado alikuwa amechuchumaa.

"Huyo ng'ombe hana shida," Kiptanui alisema.

Ongeri aliinua uso.

"Tabitha. Ile mara ya kwanza niliona ubao jioni, nikapata pancha mbili hapo kwa kina Chelimo, nikalala huko. Nilifika kwenu kesho yake saa nne asubuhi. Joto ilikuwa imeisha. Mtu wa kazi yangu akiweka mkono anajua, hawezi kukosa kujua. Lakini mke wako, mama Phanice, alikuwa amesimama na maji ya moto na sabuni na kitambaa. Alikuwa ameamka usiku kuningojea. Nikamwambia ni sawa, atashika." Alijisafisha tope mkononi bila kufanikiwa. "Mara ya pili hivyo hivyo. Pancha tatu. Nilisema ni sawa. Alafu nikasikia Nyabuto anamwita tasa, nikanyamaza. Nilienda Kericho kutafuta hii tairi kwa sababu hiyo. Nilisema nikipata tairi haina pancha, mara ya tatu nitafika, na hakuna mtu atajua ile mbili."

Ongeri aliketi kwenye nyasi. Alihisi hasira, na ilikuwa hasira ya kweli, kwa kuwa miezi miwili Yunia alikuwa akiongea na yule ng'ombe kila jioni kwa sauti ya kubembeleza. Kisha hasira ikafika kwenye zile nati tatu na kukosa pa kwenda. Alichukua pampu.

"Shika hapa," alisema. "Saa kumi na moja inakaribia."

Walipiga pampu kwa zamu. Baiskeli waliiacha kwenye boma lililokuwa karibu, kwa mzee waliyemjua wote wawili, na Ongeri akapanda nyuma ya pikipiki na mtungi wa baridi mapajani. Gurudumu lilizunguka bila kuyumba sana. Kabla ya Kaptebes walikuta matawi mapya ya kayaba yametandazwa juu ya tope, na Kiptanui akashuka akaisukuma pikipiki kando, akipita ndani ya mtaro, na wenye ua walipompungia mkono aliwapungia.

Yunia alikuwa amemfunga Tabitha kwenye kigingi tangu adhuhuri. Maji ya moto yalikuwa tayari, na sabuni, na kitambaa. Alipowaona wameketi pamoja kwenye pikipiki, mumewe na daktari wote wametapakaa tope, alimkabidhi daktari sabuni. Kiptanui alinawa, akavaa glavu ndefu, akamkaribia ng'ombe kwa maneno ya chini ya Kikipsigis. Aliingiza mkono, akatulia, akafumba macho. Ongeri alimwangalia usoni. Safari hii hakutaka kuambiwa, alitaka kuona.

"Bado iko," Kiptanui alisema. "Iko kabisa. Tumefika ndani ya saa."

Alitoa mrija kwenye moshi wa mtungi, akaupasha kwenye maji, akafanya kazi yake. Ilichukua muda mfupi sana, ukilinganisha na safari iliyoileta. Tabitha aliendelea kutafuna mabua. Phanice, binti yao wa miaka mitano, aliruhusiwa kuuangalia moshi mara moja, akarudishwa jikoni.

Yunia alimmwagia daktari maji mikononi. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mikaratusi, na ndani ya nyumba meza ilikuwa tayari imepanguswa na kutandikwa kwa ajili ya Sabato.

"Asante, daktari," alisema. "Ningefanya nini kama hungekuja. Nimeomba sana juu ya huyu. Nimesema, Mungu, kama ni tasa, basi nikubali, nisikasirike na mtu."

Kiptanui aliendelea kunawa mikono iliyokuwa tayari safi. Ongeri alimjua sasa, akajua kwamba mtu huyu anaweza kusema asante, apande pikipiki yake, aende. Yeye mwenyewe alikuwa amewahi kufuta mikono kwenye ovaroli mbele ya watu na kusema iko sawa.

"Mama Phanice," Kiptanui alisema, "usiombe hiyo tena. Si yeye. Ni mimi." Akamwambia. Alimwambia saa alizofika, siku zote mbili, na kile alichokikuta mkono wake ukiwa ndani, na kile alichosema badala yake. Hakutaja pancha hata moja.

"Na leo alichelewa kwa sababu yangu," Ongeri alisema alipomaliza mwenzake. "Gurudumu nililifunga vibaya nikijua."

Yunia alisimama na birika mkononi mpaka maji yakaacha kufuka mvuke. Wanaume wale wawili walingoja, na ukubwa wao wote uliwaishia pale. Kisha akaiweka birika chini, akaenda kwa Tabitha, akaweka kiganja chake kwenye shingo ya ng'ombe na kukiacha hapo.

"Nilikuwa nimeanza kumnyima majani ya nepia," alisema, na machozi yakamtoka. "Nilisema nisipoteze nepia kwa mtu wa bucha. Wiki mbili nampa mabua."

Kiptanui alifunga mtungi wake, akaagana nao kwa sauti ndogo, akasema atapita Jumatatu kumwona, na kwamba hatasoma ubao, atakuja tu. Walimsikia akiwasha pikipiki na kuteremka polepole.

"Jumapili Nyabuto akija nitamwambia angoje wiki tatu," Ongeri alisema.

"Usimwambie angoje. Mwambie asije."

"Na akirudi joto?"

"Akirudi, itakuwa amerudi mara moja." Yunia alijifuta uso kwa leso ya kichwani. "Wewe unahesabu tatu. Leo ndiyo ya kwanza. Huyu hajawahi kujaribiwa. Enda sasa umwambie Nyabuto."

Ongeri alitazama mikaratusi. Jua lilikuwa limekwisha zama, na ng'ambo ya bonde jirani zao wa Sabato walikuwa wameanza kuimba.

"Sabato imeingia," alisema. "Mambo ya bucha ni biashara. Si ningoje hiyo Jumapili?"

"Sitaki alale usiku mwingine akiwa wa Nyabuto," Yunia alisema. Alikuwa ameinama tayari, akikusanya nepia mbichi kwa mikono yote miwili. "Na wewe huendi kuuza. Unaenda kukataa kuuza. Enda."

Ongeri alivaa koti lake lenye tope, akaenda.